Mwambie Tuko Chalinze

Kutoka Ilala kwenda Kibosho hakuna sababu yoyote ya kupita Kariakoo. Unatoka Mchikichini, unashika barabara ya Kawawa, ukifika Magomeni unakata kushoto, na kuanzia hapo ni kunyoosha mpaka Chalinze, halafu unaitafuta Moshi. Lakini Kasmir alipofika kwenye taa za Karume alikata kulia, akaifuata Uhuru kuelekea sokoni. Candida, mkewe, aliyekaa kando yake, alilibana kapu la chakula katikati ya miguu.

"Dukani mara moja tu," Kasmir alisema kabla hajaulizwa. "Dakika tano, mama Aaron."

Candida alizijua hizo dakika tano. Aliolewa nazo, akazaa nazo, na siku moja zilimwacha kwenye benchi la kliniki mpaka nesi akamhurumia na kumletea chai.

Watoto walikuwa wamelala, na sauti yake ingewaamsha. Wanaosema kusafiri na watoto wadogo ni raha, ama hawana watoto, ama watoto wao husafirishwa na mtu mwingine. Candida alikuwa na watatu na alikuwa amelifanyia kazi jambo hili kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Unawatoa kitandani gizani, unawavalisha wakiwa bado wanaota, unawaweka garini bila kuwasemesha. Hapo wanalala mpaka Chalinze, na ukishafika Chalinze na watoto waliolala umeshinda nusu ya vita. Baada ya hapo unatoa silaha zako moja moja, kwa ubahili: kwanza mayai ya kuchemsha, halafu ndizi, halafu nyimbo, halafu hadithi ya sungura, na mwisho kabisa, Mombo huko, unatoa simu yenye katuni. Angela, wa miaka mitano, hutapika akiwa na njaa na hutapika akishiba, kwa hiyo hupewa ndizi nusu na kipande cha limau anuse. Tino, wa miaka mitatu, hubanwa na mkojo pale tu gari lisipoweza kusimama, kwa hiyo kuna kopo. Aaron, mkubwa wao, hana ugonjwa wowote isipokuwa mdomo.

Hesabu yote hiyo ilitegemea kitu kimoja, kwamba gari liwe linakwenda.

Na safari hii haikuwa ya kuchezea. Tino jina lake kamili ni Augustino, na hilo ni jina la baba yake Candida. Kwao, mtoto wa kwanza wa kiume huenda upande wa baba, wa pili huchukua jina la babu mzaa mama, na babu huyo humchinjia wajina wake mbuzi mbele ya ukoo ili watu waone kwamba jina limepata mtu wa kulibeba. Mbuzi wa Tino alikuwa anasubiri tangu Tino anyonye. Krismasi ya kwanza walifikia Rombo kwa kina Kasmir na mvua ikawazuia kushuka. Ya pili gari liliharibika. Ya tatu walichelewa kutoka Dar, na Kasmir akasema watapita Kibosho siku ya kurudi, na siku ya kurudi ilipofika duka likawa linamwita. Mbuzi wa kwanza alizeeka akaliwa bila sherehe. Mwaka huu Mzee Augustino alikuwa ametoka hospitali na fimbo na sauti ndogo, akasema kwenye simu, bila kulalamika, kwamba ya mwakani haijui. Kasmir akaapa mbele ya Candida kwamba safari hii watafikia Kibosho kwanza, usiku huo huo, mbuzi achinjwe alfajiri, ndipo wapande Rombo. Kaka zake Candida walikuwa wameshafika kutoka Arusha na wangeondoka mchana wake kwenda kwa wakwe zao. Ilikuwa leo au basi.

Kariakoo siku mbili kabla ya Krismasi, ukiingia na gari, umejifunga mwenyewe. Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa umeshajaa watu wakati jua halijapanda vizuri. Mikokoteni ilikuwa imebana njia, wamachinga wametandaza turubai mpaka kwenye tairi za magari, na spika ilikuwa inapiga kelele kuhusu viatu vya misa. Kasmir aliichomeka Noah yao mbele ya duka lake, akaacha funguo na kiyoyozi kinavuma, akaruka chini. Duka lilikuwa la nguo za watoto kwa bei ya jumla: magauni ya sikukuu na suti ndogo zenye tai. Najma, muuzaji wake wa miaka mingi, alikuwa ameshafungua na anahudumia watu watatu kwa mpigo.

"Boss, si ulisema leo hupo?" Najma alimuuliza.

"Sipo," alisema Kasmir, akachukua mkanda wa kupimia.

Spika ile ikamwamsha Aaron, Aaron akamwamsha Angela kwa kumuuliza kama amelala, na Angela akamwamsha Tino kwa kulia.

"Tumefika?" Aaron aliuliza.

"Bado."

"Hapa si dukani kwa baba?"

"Ndiyo, ni dukani kwa baba."

"Sasa kwa nini tuliamka usiku?"

Candida aliona hilo ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kusikia. Akatoa mayai. Alijua ni kosa, mayai yalikuwa ya Chalinze, lakini ni mayai au makelele.

Halafu mizigo ikaanza. Mrombo mwenye gari, anayefanya biashara Kariakoo, hasafiri peke yake mwezi wa Desemba. Anasafiri na mizigo ya Warombo wote wa mtaa ule. Kumkatalia mtu mzigo ni kumtukania ukoo, na habari yako itatangulia kufika kilabuni kabla yako. Kasmir hakuwahi kukataa mzigo maishani mwake. Godoro la futi tatu lililokunjwa na kufungwa kamba likaingia nyuma. Yakafuata mabegi, ndoo za plastiki zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, sandarusi ya sukari, katoni ya viatu, redio, na blanketi la bibi wa mtu fulani wa Mkuu, kule Rombo, ambaye Kasmir hakukumbuka jina lake ila alimheshimu sana. Kila mzigo ulipoingia, mtoto alisogezwa. Ilipofika redio, Angela alikuwa amekaa nusu juu ya paja la Aaron na miguu ya Tino ilikuwa haionekani.

"Baba Aaron, wanangu wanakaa wapi?"

"Watoto hawana ukubwa, wanapenya," Kasmir alisema. "Lakini nimefikiria. Tukipita mtaa wa Gerezani kwa fundi Hillary atufungie keria juu, vyote hivi vinapanda."

Hapo simu ikaita. Ilikuwa Kibosho. Kasmir, aliyekuwa na kichwa ndani ya dirisha, aliona jina.

"Mwambie tuko Chalinze," alisema haraka. "Mzee asije akaanza kuwa na wasiwasi bure. Tutaifidia njiani."

Candida alimtazama. Halafu akapokea, na hajaelewa mpaka leo kwa nini mdomo wake ulimtii mume wake badala ya kumtii yeye.

"Tumsifu Yesu Kristo," ilisema ile sauti ndogo.

"Milele amina. Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmefika wapi?"

"Tuko Chalinze, baba."

"Ala! Mmekimbia. Haya, wape watoto chai, msile nyama za barabarani." Alikuwa na furaha, ilisikika. Mzee huyu alikuwa ameendesha basi la Moshi na Dar tangu ujana mpaka macho yalipomkataza, na barabara ile aliijua kona kwa kona. Kumdanganya mtu kama huyo kuhusu barabara yake ni aibu ya peke yake, na Candida aliisikia mpaka kwenye masikio.

Gerezani walikaa kuliko Kariakoo. Hillary, fundi wa kuchomelea, alikuwa na magari manne mbele yao, yote ya watu wanaokwenda Kilimanjaro, yote yanataka keria. Wanaume walisimama kivulini wakicheka na kuulizana watakutana kilabu gani. Wake zao walikaa ndani ya magari wakitazama mbele, kila mmoja na watoto wake, na Candida aliwasalimia kwa kichwa kupitia vioo kama wafungwa wa vyumba vya jirani.

Ndizi ziliishia Gerezani. Nyimbo ziliishia Gerezani, hata ile ya kuku na vifaranga ambayo inaweza kuimbwa bila mwisho, ilipata mwisho. Hadithi ya sungura aliisimulia mara mbili, na mara ya pili Aaron alisema sungura ni mjinga kwa sababu angetembea kwa miguu angekuwa ameshafika. Tino akabanwa. Kopo lilikuwa chini ya godoro. Alimshusha akamsimamisha nyuma ya rundo la vyuma chakavu, na mtoto, kwa kuogopa cheche za kuchomelea, alijikojolea suruali badala ya ardhi. Ile ilikuwa suruali ya kufikia kwa babu. Angela naye akanusa rangi na moshi, akakataa limau, akatapika ndani ya katoni ya viatu.

"Viatu vya Mzee Marcelino!" alisema Kasmir, na kwa sekunde moja alionekana kuumia kweli.

"Mpe pole Marcelino," Candida alisema. "Ukimaliza mpe pole na mwanao."

Alitamani kulia. Alitamani zaidi kumpiga mtu kwa ndizi, kama zingekuwepo. Alikuwa na hasira ya aina inayomfanya mtu awe mpole sana mikononi: alimfuta Angela taratibu, akamvua Tino taratibu, akakunja kila kitu kilicholowa taratibu, na ndani alikuwa anatokota.

Keria ikafungwa. Godoro, mabegi, ndoo na blanketi vikapanda juu na watoto wakapata pumzi. Candida akafunga mkanda. Kasmir akawasha gari, na alipotoka getini akakata tena kuelekea Kariakoo.

"Kuna mizigo ambayo wenyewe niliwaambia wasubiri keria," alisema bila kumtazama. "Siwezi kuwaacha, wameshaniona."

Simu ikaita tena wakiwa wamenasa nyuma ya mkokoteni wa marobota.

"Nimehesabu," Mzee Augustino alisema. "Mtakuwa mmekaribia Wami."

Candida alifumba macho. "Ndiyo baba."

"Daraja jipya umeliona? Mimi niliacha kazi bado tunapita lile la zamani, jembamba, mnasubiriana. Wanasema hili ni pana."

"Ni pana, baba. Zuri."

"Eh. Ningependa kuliona." Akaongeza: "Mbuzi nimemfunga karibu na mlango, ili wajina wangu akifika amwone kwanza yeye. Ni mweupe na paji jeusi."

Candida alipokata simu hakuweza kumtazama Kasmir, wala hakuweza kuwatazama watoto, hasa Aaron. Aaron alikuwa amemkazia macho kwenye kioo, na mdomo wake kwa mara ya kwanza siku hiyo ulikuwa umefungwa.

Mbele ya duka kulikuwa na mizigo mingi kuliko ile ya kwanza, na kulikuwa na mteja. Mteja ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Alikuwa mfanyabiashara wa Tunduma, mteja wa jumla, aliyetaka suti ndogo kwa marobota.

"Najma anaweza kumhudumia," Candida alisema.

"Huyu hawezi kuongea na Najma, anataka kuongea na mimi."

"Najma alikuendeshea duka zima ulipolazwa na malaria."

"Dakika tano. Nampeleka stoo aone mzigo, narudi, tunaondoka." Alishika mlango wa gari kwa mikono miwili kama anayeomba. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimkera Candida kuliko yote. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu asiyeweza kumwambia mgeni hapana, na kwa kuwa hapana ilibidi iende kwa mtu, ilikwenda nyumbani kwake kila mara. "Mama Aaron, nimekuahidi. Tutafika."

Akaondoka na yule mteja, wakapotea kwenye umati kabla Candida hajajibu. Na mizigo ikaingia, maana wenyewe walikuwa wameshaagizwa waingize. Ya juu ikafungwa kwenye keria, iliyobaki ikaja ndani. Angela akarudi kwenye paja la Aaron. Akaanza kulia, si kwa sauti. Kile kilio cha mtoto aliyechoka kabisa, ambacho mama hawezi kukivumilia.

Ghorofani juu ya duka la jirani waliishi Kanubhai na mkewe Urmila, wauzaji wa vyombo, majirani zao wa miaka yote. Urmila alikuwa anatazama kutoka kwenye baraza. Akashuka kwa kandambili, akafungua mlango wa gari bila kubisha, na kumtoa Angela.

"Njoo umsafishe kwangu, maji yapo," alisema. "Tangu asubuhi nakuona. Mmeondoka, mmerudi, mmekaa. Mnakwenda wapi nyie?"

"Moshi," alisema Candida.

Najma akasema atawaangalia wavulana. Juu, Candida alifua gauni la Angela kwenye sinki huku Urmila akimlisha mtoto chevda, ule mchanganyiko mkavu wa dengu na karanga, kwa kiganja, punje kwa punje, na tumbo lake likatulia kwa maajabu.

"Kanubhai aliniahidi kunipeleka Dodoma kwa dada yangu," Urmila alisema. "Kila mwaka kuna kontena. Mimi nasubiri, kontena linakuja, mimi nasubiri. Mwisho dada akaja yeye. Alikuwa mzee, hanijui tena. Aliniita kwa jina la mama yetu." Alikung'uta viganja. "Nilikuwa najua kuendesha gari, Candida. Hilo ndilo linaloniuma. Gari lilikuwa chini pale, na mimi najua kuendesha."

 Candida alikamua gauni, akalikamua hata maji yasiyokuwemo.

Aliposhuka ngazi akiwa na Angela alimwona Tino amesimama kwenye kiti cha mbele, bila suruali, na simu ya mama yake iko sikioni. Najma alikuwa na mteja mlangoni, amempa mgongo. Aaron alikuwa ameketi nyuma, amemwacha tu.

"Hapana, babu," Tino alikuwa anasema. "Sio mto. Hapa kuna mtu anauza miwani. Ya kijani. Baba ameenda stoo... Ka-ri-a-koo."

Candida aliichukua simu. Mkono ulikuwa na povu bado.

"Baba."

Aliibana simu sikioni. Aliweza kusikia kuku wa Kibosho.

"Wajina wangu anaongea vizuri," Mzee Augustino alisema. "Mkweli."

"Baba, nisamehe."

"Hapana, hapana. Watoto wadogo, njia ndefu, naelewa. Mimi niliwabeba wake za watu na watoto wao miaka yote, najua wanavyoteseka." Alipumua. "Ila usingesema Wami. Ungesema tu Kariakoo. Nimekaa hapa nawaambia kaka zako, sasa wako darajani, sasa wanaitafuta Segera. Wamekuwa wakinitazama."

Candida alikaa kwenye ngazi ya duka, katikati ya miguu ya watu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mbuzi nimemfungua," mzee aliendelea. "Akale majani, amefungwa tangu alfajiri. Kaka zako nitawaambia wasingoje. Haina neno. Mtapita siku ya kurudi."

Aliyasema maneno yale yale ya Kasmir, bila kejeli, kama mtu aliyekwisha kuyazoea. Candida alisikia kitu kinakatika ndani yake, na kilipokatika akatulia.

"Usimwambie mtu aondoke, baba. Nakuja."

"Na nani?"

"Na wanangu."

Alikata simu kabla hajaogopa. Leseni alikuwa nayo, na funguo Kasmir alikuwa ameziacha tena garini. Aliendesha kupeleka watoto shule na kufuata mzigo bandarini, na hakuwa amewahi kuvuka Kibaha, kwa sababu Kasmir alisema barabara kuu si mchezo. Haikuwa mchezo. Malori, mabasi yanayopitana kwenye kona, na giza lingemkuta njiani. Alijua yote hayo.

Alifungua mlango wa nyuma na kuanza kushusha. Sandarusi ya sukari chini. Redio chini. Viatu vya Mzee Marcelino, na harufu yake, chini. Alipanga kila kitu kwenye baraza la duka, vizuri, bila kutupa, kwa maana watu wale hawakumkosea yeye. Wenye mizigo waliokuwa bado wanazungumza pembeni wakanyamaza mmoja mmoja.

"Mama Aaron, vipi tena?" mmoja aliuliza.

"Vya juu nitavifikisha Himo, mwenye navyo aje achukue stendi," Candida alisema. "Vya ndani vimekaa kwenye viti vya wanangu."

Mwisho alishusha begi la Kasmir. Alisita nalo kidogo, akalikung'uta vumbi, akaliweka juu ya sandarusi ya sukari ili lisichafuke.

Najma alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na usoni mwake kulikuwa na kitu kinachotaka kucheka na kinaogopa. "Boss akirudi nimwambieje?"

"Mwambie aongee na mteja wake. Mimi naongea na wangu." Akawafunga watoto mikanda, kila mtu na kiti chake. Urmila alikuwa barazani juu. Hakupunga mkono. Alimtupia tu mfuko wa chevda, na Candida akaudaka.

Kutoka Narung'ombe mpaka Msimbazi alipigiwa honi kuliko alivyopigiwa maisha yake yote. Mkokoteni ulimgusa kioo. Mwanaume mmoja alimshauri arudi jikoni, naye akamjibu maneno ambayo Aaron aliyahifadhi. Walikuwa kwenye taa za Fire, pale kituo cha zimamoto, zimegoma kwenye nyekundu, simu ilipoita. Aaron aliishika na kuiweka sauti kubwa.

"Mama Aaron! Mko wapi?" Nyuma ya Kasmir ilisikika ile spika ya viatu.

Candida alitazama taa. Mbele yake kulikuwa na basi la mwendokasi linapita, na nyuma yake majengo ya Kariakoo yalikuwa bado yanaonekana kwenye kioo.

"Tuko Chalinze," alisema.

"Chalinze gani? Nimetoka hapa sasa hivi! Rudi basi, nimeshamaliza, namalizia tu kufunga hesabu na huyu..."

"Dakika tano, baba Aaron. Tutaonana Rombo. Mabasi yapo."

"Desemba hii basi nitalipata wapi?"

"Sijui. Muulize mteja."

Taa ikawaka kijani, na Aaron, bila kuambiwa, akakata simu.

Hakukuwa na muujiza. Jangwani Angela alitapika, safari hii kwenye mfuko uliokusudiwa. Manzese Tino alibanwa na kopo halikuonekana, likapatikana chini ya kiti baada ya kuchelewa. Ubungo walisimama muda mrefu mpaka Candida akalia tena kidogo, kwa hasira tu, akapiga usukani na honi ikalia, na Tino akacheka, akataka arudie. Chakula kilikuwa kimekwisha isipokuwa chevda. Nyimbo zilikuwa zimekwisha. Zilibaki katuni, na zile zilikuwa za Mombo, na aliapa kwamba hata dunia ikipasuka hazitawashwa kabla ya Mombo.

"Mama, tumefika wapi?" Aaron aliuliza.

"Kimara."

Aaron akauliza kwa uangalifu, kama anayegusa sufuria ya moto: "Kimara kweli?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote ya siku hiyo. Aliingia kwenye kituo cha mafuta, akasimama, akageuka amtazame mwanawe usoni.

"Kimara kweli," alisema. "Soma kile kibao."

Aaron alisoma kibao herufi kwa herufi, akaridhika, akaegemea kiti. Candida akachukua simu na kupiga Kibosho.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba."

"Milele amina." Sauti ilikuwa ya mtu asiyetaka kuuliza kitu.

"Tuko Kimara. Hatujafika hata Mbezi. Angela ametapika mara mbili, Tino hana suruali, na foleni hii sijui itaisha lini. Naendesha mwenyewe. Naogopa, baba."

Mzee Augustino aliiweka simu chini. Halafu ikasikika fimbo ikigonga sakafu, na sauti yake ikiwa mbali na simu, kubwa kuliko ilivyokuwa tangu atoke hospitali, ikimwita mmoja wa kaka zake Candida amkamate yule mbuzi amrudishe mlangoni. Akarudi kwenye simu akihema.

"Sikiliza dereva," alisema. "Shika kushoto, usishindane na mabasi, wale nawajua, ni wendawazimu. Ukichoka, simama. Mbuzi atangoja. Ukifika Wami unipigie, hata ikiwa usiku. Nataka unieleze daraja lilivyo."

"Nitakueleza," alisema Candida, akawasha gari.